Shati Lenye Bitana

Kanyagio la cherehani lililia mara moja, kwii, kisha likanyamaza. Nikajua binti yangu ameweka mguu taratibu ili asituamshe, na nikajua pia kwamba hajalala. Baada ya muda kidogo likalia tena.

Niliinuka nikaenda chumba cha mbele, ambacho mchana ni duka la ushonaji na jioni ni sebule yetu. Alikuwa ameinama chini ya taa, pini tatu mdomoni, utepe wa kupimia shingoni. Nje bado giza. Saa kumi na moja ilikuwa haijafika, na tayari kuta zilikuwa na joto.

"Mwanangu, hujalala?"

Alitoa pini mdomoni. "Nimelala kidogo. Bado mkono mmoja tu, Mama."

Shati lilikuwa la mjukuu wangu, msichana wa miaka kumi na tano ambaye mtaa mzima humwita Chiriku, kwa sababu tangu alipojua kusema hajapumzika. Asubuhi ile alikuwa anaondoka na darasa lake kwa safari ya miguu ya siku tatu: begi mgongoni, ramani na dira mkononi, kulala kwenye mahema, mpaka wafike kwenye ziwa dogo upande wa pili wa vilima. Kila mwaka shule huwapeleka. Mwaka huu mitihani ilisogezwa, safari nayo ikasogezwa, ikaangukia mwezi wa joto kuliko yote.

Binti yangu alikaa na fomu ya ruhusa wiki mbili bila kutia sahihi. Aliiweka chini ya vitambaa, akaitoa, akairudisha. Kwenye mkutano wa wazazi alisimama akauliza maswali kumi na moja. Maji yakiisha? Kivuli kipo njiani? Nani anajua dalili za mtoto aliyezidiwa na joto? Watu wakaanza kucheka chini chini, na baba mmoja akasema, "Mama, hawaendi jangwani, wanatembea tu." Lakini mwalimu wao wa jiografia, msichana mwembamba mwenye miwani, aliandika kila swali kwenye daftari lake akayajibu moja moja bila haraka. Wangetembea asubuhi mapema na jioni, mchana wangepumzika. Gari lingewafuata nyuma, na muuguzi ndani yake. Nilimpenda mwalimu yule siku ile.

Waliocheka hawakujua. Chiriku alipokuwa na miaka minne homa ilimpanda hadi akashikwa na degedege, na mama yake ndiye aliyekimbia naye hospitali mikononi, mtoto akiwa moto kama pasi. Alipona kabisa. Mama yake ndiye ambaye hakupona. Tangu siku ile kila barua ya safari ya shule ilijibiwa "samahani, hataweza", na mtoto akazoea. Safari hii hakunyamaza. Aliomba wiki mbili nzima, na usiku wa kuamkia safari ndipo mama yake alipotia sahihi, kwa sharti moja: atavaa shati atakaloshonewa nyumbani.

Nililishika lile shati, nikalipima kwa mikono.

"Zito," nilisema.

"Nimetia bitana mwili mzima. Mgongoni nimetia mbili, na mabegani sponji, mikanda ya begi isimkate. Kola inapanda mpaka hapa. Mikono inafungwa kwa vifungo. Jua halipati hata tundu la sindano."

"Shule si ilisema shati jepesi?"

"Hayo mashati mepesi ya dukani, Mama, ukiingiza mkono ndani unauona. Kama mimi nauona mkono, jua ndiyo litashindwa kuuona?" Akanitazama. "Si wewe uliyenifundisha? Nguo isiyo na bitana bado haijaisha."

Hapo alinishika pabaya. Nilimfundisha mimi, enzi tukishona makoti ya watu wa ofisini na magauni ya maharusi. Maisha yetu yote tumeipima nguo mezani, au juu ya mtu aliyesimama wima mbele ya kioo, feni ikizunguka juu yake. Tunatazama inavyoanguka, mshono ulivyonyooka. Hatujawahi kujiuliza nguo inamfanyaje mtu akipanda nayo kilima. Nilipitisha kidole kwenye pindo. Kazi ilikuwa safi, sikuona pa kukosoa. Nikasema, "Nzuri," nikaenda kuchemsha chai.

Chiriku alipolivaa alisimama mbele ya kioo kirefu cha wateja. Alifungua mdomo. Kisha akauona uso wa mama yake, macho mekundu kwa kukesha, akaufunga.

"Asante, Mama. Limenikaa vizuri."

Kwa mtoto wa umri ule, anayekwenda kuonekana na wenzake, lile lilikuwa neno kubwa, nami nililiweka moyoni. Mama yake alipoinama kwenye begi, Chiriku akaninong'oneza, "Bibi, nafanana na godoro."

"Mke mwenzangu, hata godoro lina heshima zake. Watu huliwaza kutwa nzima."

Alicheka kwa kujizuia, yale mabega ya sponji yakipanda na kushuka.

Shati jepesi lililonunuliwa kwa ajili ya safari, binti yangu alilitoa kwenye begi akalikunja akaliweka kabatini. Kisha akamshika mwanawe mikono yote miwili.

"Niahidi. Jua likiwa juu, hulivui."

"Sawa, Mama."

"Sitaki sawa. Niahidi."

"Nakuahidi. Silivui."

Nilikuwa nimesimama karibu yao na kikombe mkononi. Palikuwa na nafasi ya kusema neno. Sikulisema.

Siku ya kwanza jioni mwalimu alituma ujumbe: wote wazima, wamekula, wamelala. Binti yangu aliusoma, akaweka simu chini, akaichukua akausoma tena. Usiku ule alilala.

Siku ya pili, kama saa nne na nusu, dukani tulikuwa na mteja mmoja, dereva wa teksi wa mtaani kwetu. Alikuwa amesimama juu ya kigoda na suruali yake mpya, mguu mmoja umeshashonwa pindo, mwingine umeshikwa kwa pini. Simu ikalia. Sikusikia la upande wa pili. Nilichokiona ni kikebe cha pini kikianguka, pini zikimwagika sakafu nzima, na binti yangu hakutazama chini.

"Anapumua?" aliuliza. Halafu, "Mpe simu nimsikie." Halafu, "Tunakuja."

"Mnakuja wapi?" aliuliza dereva.

"Nyumba ya pampu, barabara ya vilimani. Joto limemzidi."

Dereva akashuka kwenye kigoda. "Twendeni."

"Na suruali hiyo, baba?" nilimuuliza.

"Bibi, kwani suruali ndiyo inayoendesha?"

Tulikwenda hivyo hivyo. Kila alipokanyaga breki pini zilimchoma kifundo cha mguu, akavuta pumzi kwa meno, sss, wala hakusimamisha gari. Alitupatia chupa yake ya maji tunywe. Ilikuwa chupa moja tu, na yeye hakunywa.

Binti yangu alikaa mbele, nami nyuma yake. "Nilisema," alikuwa akisema. "Nilisema kwenye mkutano wakanicheka. Maswali kumi na moja, Mama. Yule mwalimu atanieleza leo. Atanieleza mbele ya mkuu wa shule." Nilipitisha mkono kati ya viti nikamshika wake. Katika joto lote lile ulikuwa wa baridi.

Nyumba ya pampu ni chumba cha matofali chenye paa la juu, kando ya barabara, na ndani yake mota inanguruma bila kupumzika, ikivuta maji kutoka kisimani na kuyasukuma kwenye matangi ya kilimani. Sakafu ilikuwa na unyevu, mlango na madirisha wazi, na upepo ulipita. Katikati ya upepo ule, juu ya mkeka, alilala mjukuu wangu, miguu imeinuliwa juu ya begi, kitambaa chenye maji shingoni, amevaa koti la kazi la mtu mwingine, kubwa, lenye harufu ya grisi. Pembeni yake alikuwa mwalimu, magoti yamelowa, akimpepea kwa ramani. Muuguzi alikuwa akiandika. Na mlangoni alisimama mwanamke wa umri wa kunikaribia, buti za mpira miguuni, ndoo mkononi. Huyo ndiye mtunza pampu. Wanafunzi walikuwa wameshaanza kumwita Mama Pampu.

"Mama," alisema Chiriku. Sauti ilikuwa ndogo. "Usiwe na wasiwasi, naendelea vizuri. Nilitapika, lakini kidogo, halafu hata si kwenye ramani, niliinama upande, nyote mngenisifu."

Aliposema hivyo nikakaa chini palepale sakafuni penye maji. Mtoto wetu alikuwa amerudi.

Mama yake alimshika paji la uso, mashavu, mikono, miguu. Alipomaliza akainua kichwa kumtazama mwalimu, na uso wake ulikuwa umebadilika.

"Niliuliza," alisema. "Si niliuliza? Ukaandika. Mlimpeleka mtoto wangu juani mpaka akaanguka, na daftari unalo."

Mwalimu hakujitetea. Alivua miwani akaifuta. "Ni kosa langu, mama. Jana kulikuwa na mawingu, hakusumbuka. Leo niliona kanyamaza. Chiriku kunyamaza! Nikamwambia avue lile shati, akakataa. Nikamwambia mara ya pili, mara ya tatu. Akasema amekuahidi. Nikadhani ni shati tu la mikono mirefu, sikumlazimisha. Tukabakiza mita mia mbili kufika hapa kupumzika, akaanza kutembea upande upande. Ningemvua mara ile ya kwanza, yasingefika huku."

Binti yangu akageuza macho kulitafuta lile shati.

"Lenyewe hili," alisema Mama Pampu, akalinyanyua kutoka kwenye ukingo wa ndoo. Lilikuwa limechanwa kutoka kolani mpaka pindoni, na maji yalikuwa yakidondoka. "Vifungo vilikuwa vidogo, na mtoto jasho limemgandisha humo ndani. Nikachukua kisu cha kukatia mipira ya mabomba, nikakata. Nilisikitika, nisikudanganye. Aliyelishona ni fundi, tena fundi hasa. Sijaona mshono kama huu. Lakini kamvalisha mtoto koti la baridi! Ndani bitana, ndani ya bitana bitana nyingine. Sponji! Nilijiuliza, huyu fundi ana ugomvi gani na huyu mtoto?"

Mota ilinguruma. Dereva wetu, aliyekuwa mlangoni na suruali yake ya pini, alitazama nje. Mwalimu naye alitazama chini.

Binti yangu alinyoosha mkono akalipokea shati. Lilikuwa zito kwa maji, mkono ukashuka nalo. Alilifungua pale lilipochanwa, akaona kitambaa cha nje, bitana, sponji, bitana, vyote vimelowa. Aliweka kiganja chake katikati ya tabaka zile, kama tunavyofanya tukikagua kazi, na akakiacha humo muda mrefu.

"Ni mimi," alisema.

"Nani?" aliuliza Mama Pampu.

"Fundi. Ni mimi. Mimi ni mama yake."

Mama Pampu aliweka ndoo chini.

"Na mimi ndiye niliyemfundisha," nilisema kutoka pale sakafuni, "na nililishika alfajiri kabla hajaondoka, nikaona ni zito, nikasema ni zuri."

Binti yangu alikuwa analia sasa, bila sauti, maji ya machoni yakichanganyika na ya shatini. Chiriku alijaribu kuinuka, muuguzi akamlaza.

"Mama, usilie. Lilinilinda kweli. Tazama, sijaungua hata kidogo. Nimeiva tu ndani."

"Wewe nyamaza," mama yake akasema, akacheka katikati ya kilio, "nyamaza, mtoto wewe." Kisha akamgeukia mwalimu. "Mwalimu, nisamehe. Nilitaka kukuharibia."

"Ulikuwa na haki ya kuuliza, mama."

"Kuuliza ndiyo. Kusikia jibu sikusikia. Mliandika shati jepesi."

Muuguzi alitueleza hali. Joto la mwili lilikuwa limeshuka, anakunywa maji yenye chumvi na sukari na hayatapiki. Leo hatembei tena hata hatua moja. Wenzake wangepiga mahema hapo hapo uani, wasiendelee jioni. Kesho alfajiri angempima. "Akiwa sawa, kipande cha mwisho ni kilomita tatu, njia tambarare, kabla jua halijapanda. Anaweza kwenda, bila begi, gari likiwa nyuma yake. Asipokuwa sawa haendi, hata akilia. Lakini mzazi ndiye wa kuamua. Mkitaka kurudi naye leo, mrudi."

"Tunarudi naye," alisema binti yangu mara moja.

Nilimtazama mjukuu wangu. Hakubisha. Alisema tu, "Sawa, Mama," akageuza uso upande wa ukuta.

Dereva alisema anaweza kungoja mpaka mtoto apate nguvu. Mama Pampu alituletea chai na mkate, akatafuta kigoda kimoja alichokuwa nacho akanipa mimi. Wenzake Chiriku walikuwa uani kwenye kivuli cha matangi, na msichana mmoja mfupi alikuja mlangoni mara tatu kuuliza. Mara ya kwanza aliuliza hali yake. Mara ya pili alileta soksi zake kavu. Mara ya tatu alisema, "Mwambieni ramani tunamwekea. Hatumpi mtu mwingine. Hata kama hayupo tutaibeba hivyo hivyo imekunjwa."

"Ramani anashika yeye?" aliuliza binti yangu.

"Ndiye anayetuongoza, mama. Mwalimu alitushindanisha darasani, akatushinda wote. Tangu jana hatujapotea hata mara moja. Kundi la wavulana wamepotea mara mbili."

Msichana alipoondoka, binti yangu alikaa kwenye ukingo wa mkeka. "Hukuniambia kuhusu ramani."

Chiriku bado alikuwa ametazama ukuta. "Ningekuambia ungejua jinsi ninavyotaka kwenda. Halafu ungesema hapana, na ungeumia kusema hapana." Akakandamiza kile kitambaa shingoni. "Mama, safari zote za shule mimi ndiye nabaki. Darasa zima linaondoka, mimi nabaki na mzee anayetunza funguo za shule. Tunafagia maktaba. Ananipa nusu ya mkate wake. Ni mzee mzuri sana. Lakini Mama, nimeshaifagia ile maktaba mara saba."

Mimi moyo uliniuma, kwa sababu ule mkate wa yule mzee wala sikuwahi kuusikia, na mtu alikuwa amemtendea mtoto wetu wema miaka yote ile bila sisi kumshukuru.

Mama Pampu, ambaye alikuwa akikaza nati kwenye bomba na hakujifanya hasikii, aliweka spana chini.

"Njoo uone," alimwambia binti yangu. Akampeleka kwenye mota. "Hii mistari ya chuma unaiona? Ni ya kupitisha upepo. Mwaka wangu wa kwanza hapa nilikuwa na wasiwasi kama wewe. Vumbi! Kila siku nilifuta, nilipangusa. Nikaona haitoshi. Nikatafuta turubai zuri, nene, nikaifunga mota yote, nikaikaza na kamba. Nikarudi nyuma nikaitazama, nikafurahi. Mchana ule ule ikaungua. Mitaa mitatu haikupata maji siku nne, na mimi ndiye niliyeiunguza, kwa kuipenda."

"Hawakukufukuza?"

"Mkubwa wangu alikuja, akalitazama turubai, akanitazama mimi. Akasema, 'Siku nyingine, ukitaka kuifunika, ipishe ipumue.' Basi. Mpaka leo namwombea mema." Akachukua spana yake. "Jua analiepuka kwa kofia, kwa kivuli, kwa kuanza mapema. Mwili wenyewe unataka upepo, fundi. Unataka jasho likauke."

Binti yangu alisimama pale mbele ya ile mota muda mrefu, mkono ameunyoosha karibu na ile mistari ya chuma, akiusikiliza upepo kwa kiganja. Kisha alirudi, akaketi mlangoni penye mwanga, akaweka shati mapajani. Fundi hatembei bila sindano. Yake huichomeka ndani ya pindo la blauzi. Mimi nilikuwa na uzi mfukoni. Tukaanza kufumua.

Tulifumua jioni yote. Sponji tukaitoa, kitambaa cha nje tukakitoa, bitana ya mgongo tukaitoa. Ikabaki bitana moja, pamba nyeupe nyembamba aliyokuwa ameichagua kwa sababu ni laini kwenye ngozi. Hiyo ndiyo ilikuwa shati. Binti yangu aliipindia pale ilipokatwa na kisu, akaacha kwapa wazi, akalegeza mikono, kola akaiondoa kabisa. Akaingiza mkono wake ndani akauinua kwenye mwanga. Vidole vilionekana vyote vitano.

"Unaonekana," alisema.

"Unaonekana," nilikubali. "Na mimi safari hii nasema: jepesi, zuri."

Dereva alikuwa ameshatuuliza mara mbili kama tunaondoka. Binti yangu alimwita. "Wewe rudi nyumbani, kaka. Sisi tunalala hapa. Kesho utufuate, tafadhali. Ila njoo kwanza nikumalizie mguu."

Alimshonea pindo akiwa amesimama mlangoni, bila cherehani, sindano ikienda haraka. Dereva alijitazama akasema hajawahi kupata mshono wa mkono maishani mwake, huu ataonyesha watu. Akaondoka. Chiriku alikuwa amelala, uso ukutani, hakuyasikia haya. Aliambiwa alipoamka kunywa maji, na alichofanya ni kushika mkono wa mama yake akaubana shavuni, na hakusema neno, yeye Chiriku. Muuguzi alishtuka akampima tena. Alikuwa mzima.

Tulilala kwenye chumba cha Mama Pampu, sisi watatu kitandani kwake, yeye akikataa katakata kulala pengine zaidi ya kwenye mkeka kando ya mota. Alisema mota imemzoesha, kukiwa kimya ndipo hapati usingizi.

Kabla ya alfajiri muuguzi alimpima Chiriku, akamtembeza uani, akamuuliza maswali, akampima tena. Akaitikia kwa kichwa. Wote tukamtazama binti yangu.

Alimvalisha mwanawe shati. Lilipepea. Akamweka kofia, akaisogeza, akairudisha ilivyokuwa. Nilidhani atamwomba ahadi. Yeye mwenyewe nadhani alidhani hivyo, maana alimshika mikono miwili kama siku ile. Lakini akasema, "Ukihisi joto, kaa. Ukichoka, sema. Mwalimu akikuambia vua, vua, hata kama ni ngozi."

"Ndiyo, Mama."

"Sijakuambia uniahidi."

"Najua, Mama."

Akampeleka kwa mwalimu, akaushika mkono wa mtoto akauweka kwenye mkono wa mwalimu, kama mtu anayemkabidhi mwenzake chombo cha udongo. "Huyu hapa," alisema. Mwalimu akasema, "Asante, mama," na miwani yake ilikuwa na ukungu. Yule msichana mfupi alileta ramani. Chiriku aliikunjua, akaigeuza, akatazama vilima, akanyoosha mkono. Wakatoka langoni, na gari likawafuata polepole.

Nilimsubiri binti yangu alie. Hakulia. Alishika kitasa cha lango mpaka walipopotea kwenye kona, kisha akauliza, "Sasa kilomita tatu ni muda gani, Mama?"

"Saa nzima. Na wanavyopumzika, saa moja na nusu."

Ilichukua saa moja na dakika hamsini. Najua kwa sababu niliangalia saa pamoja naye. Muda huo hakukaa. Koti la kazi la Mama Pampu lilikuwa na mfuko ulioning'inia kwa nyuzi mbili, aliuona, akaushona. Akaona kwapa limechanika, akalishona pia. Mama Pampu alisema liache, koti lenyewe zee, na binti yangu akasema, "Dada, nipe kitu cha kushika la sivyo nitakimbia niwafuate." Basi akamletea na pazia.

Simu ilipolia, alinipa mimi niisome. Macho yangu si mazuri, lakini ujumbe ulikuwa mfupi. Wamefika. Chiriku amepumzika njiani mara mbili, mara zote alikaa mwenyewe kabla ya kuambiwa. Yuko kivulini anakula. Chini yake mwalimu alikuwa ameongeza: jioni watarudishwa kwa basi.

Nilisoma kwa sauti mara mbili. Binti yangu aliegemea ukuta wa matofali, akateleza taratibu mpaka chini, akakaa miguu ameinyoosha kama mtoto. "Amekaa mwenyewe," alisema. "Mama, umesikia? Kabla ya kuambiwa."

Teksi ilipofika tulikuwa tumeshafagia chumba na kukunja shuka. Dereva alikuwa na suruali ile ile. Tuliagana na Mama Pampu langoni, tukashukuru, tukashukuru tena, na yeye kila tulipomshukuru alikuwa akitazama mfuko wa koti lake ulioshonwa, akiuvuta, akiuachia.

"Hapa watu huja," alisema hatimaye. "Akizimia mtu, wanakuja. Gari likiharibika, wanakuja. Bomba likipasuka, ndiyo wanakuja wengi." Akafungua mlango wa gari akanishika kiwiko, nikaingia. Hakuufunga. "Mje tena, dada zangu. Mje na huyo mtoto. Mje siku ambayo hakuna anayeumwa."